Siku Moja Katika Mahakama ya Juu: Somo la Kusikiliza Pande Mbili



Ndugu zangu wa kiume na wa kike, somo la toleo hili lilianza na kosa letu wenyewe, na si vizuri kulificha.

Ramadhani iliyopita tulikusanya michango ya futari kama kila mwaka. Usiku wa kuamkia siku ya ishirini na mbili, saa tano hivi, ujumbe uliingia katika kundi letu la WhatsApp: mweka hazina amekula pesa za mchele. Aliyeandika aliambatanisha picha moja ya daftari la hesabu, ukurasa mmoja tu. Hadi kufika wakati wa daku, watu karibu thelathini walikuwa wameshaandika. Wengine walileta hadithi kuhusu khiyana, wengine walimkumbusha adhabu ya kaburi. Mimi pia niliandika. Kabla ya adhana ya Alfajiri mwenzetu alikuwa ameshatolewa kundini, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amempigia simu kumwuliza.

Siku mbili baadaye alikuja msikitini na bahasha ya risiti. Daftari lilikuwa na ukurasa wa pili. Faranga zilizoonekana kupotea alikuwa amemlipa muuza mchele mapema ili bei isipande, na muuza mchele mwenyewe alithibitisha. Tulimrudisha kundini, tukamwomba radhi, naye akasema, "Yameisha." Lakini futari zilizobaki alikula nyumbani kwao, na tangu siku ile haketi tena katika safu ya mbele.

Mzee mmoja wa Buyenzi, aliyefanya kazi ya ukarani mahakamani miaka mingi kabla ya kustaafu, alisikia habari hiyo. Baada ya swala ya Ijumaa alituita pembeni, akasema: "Wanangu, mnasoma chuo kikuu, lakini hamjapata kuona watu wakihukumiwa kwa utaratibu. Nendeni mkakae mahakamani siku moja. Nendeni kwenye ile ya juu kabisa. Msitafute kesi wala ndugu, sikilizeni tu."

Tulienda watu saba, wavulana wanne na wasichana watatu. Haya ndiyo tuliyojifunza.

MLANGO UKO WAZI

Wengi wetu tulidhani mahakama ni ya wenye kesi, na kwamba mtu asiye na kesi akiingia ataulizwa amefuata nini. Sivyo. Katiba ya Burundi ya mwaka 2018 inasema haki hutolewa kwa jina la watu wa Burundi, na kwamba vikao vya mahakama ni vya wazi. Mahakama inaweza kufunga milango kwa uamuzi wake pale ambapo uwazi ungehatarisha usalama wa umma au maadili mema. Hukumu nayo lazima iwe na sababu zake, na isomwe mbele ya watu.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Kabla ya kuja kwa wakoloni, Bashingantahe walisikiliza ugomvi kilimani, wakiwa wameketi nje, majirani wakiwazunguka na kusikia kila neno. Jina lao linatokana na intahe, ile fimbo ya haki waliyokuwa wakiigonga chini. Na sisi Waislamu tunajua kwamba Mtume (s.a.w.) alisikiliza mashauri ya watu msikitini, mahali ambapo maskini na mgeni waliweza kuingia wakaona.

Faida ya uwazi ni kwa pande zote. Anayeshtakiwa anajua kwamba hataonewa gizani. Jaji anajua kwamba watu wanamsikia. Na wewe uliyekaa benchi la nyuma unakuwa shahidi wa namna haki inavyotendwa kwa jina lako.

NGAZI ZA MAHAKAMA

Kabla ya kwenda, Mzee alitueleza ngazi zilivyo, ili tusije tukashangaa.

Chini kabisa ipo mahakama ya tarafa, ile inayoandikwa kwa Kifaransa Tribunal de résidence. Juu yake ipo Tribunal de grande instance, kisha mahakama ya rufaa, Cour d'appel. Kileleni ipo Mahakama ya Juu, Cour suprême. Pembeni ipo Mahakama ya Katiba, ambayo kazi yake ni kuangalia kama sheria na matendo fulani ya dola yanakubaliana na Katiba. Hizo mbili zikikaa pamoja zinaunda Haute Cour de Justice, ambayo ndiyo yenye uwezo wa kumhukumu hata Rais wa Jamhuri kwa kosa la uhaini mkubwa.

Jambo la kukumbuka ni hili. Kesi inapofika Mahakama ya Juu kwa njia inayoitwa cassation, majaji hawaanzi upya kuuliza nani alimpiga nani na shamba ni la nani. Wanauliza swali moja: je, majaji wa chini walifuata sheria? Je, kila upande uliitwa? Je, hukumu ilitoa sababu? Wakikuta kosa, hukumu ile inavunjwa, na kwa kawaida kesi inarudishwa isikilizwe tena na majaji wengine. Kwa hiyo anayekwenda kule akitarajia mashahidi wanaolia na mawakili wanaopigana kwa maneno kama katika filamu, atasinzia. Kazi ya pale ni karatasi, tarehe, saini na maneno ya sheria.

TULIYOYAONA

Tulifika saa mbili kasoro asubuhi. Tulionyesha vitambulisho, tukazima simu, tukaketi nyuma. Majaji walipoingia kila mtu alisimama. Karani akaanza kusoma orodha ya kesi.

Kesi ya kwanza haikuchukua dakika tano. Upande mmoja ulikuwepo na wakili wake, amejiandaa na faili nene. Upande wa pili haukuwepo, na katika faili hakukuwa na kitu cha kuonyesha kwamba wito umemfikia. Wakili alisimama akasema mteja wake ametoka mbali na amesubiri kwa muda mrefu. Jaji kiongozi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaahirisha kesi ili mwingine yule aitwe.

Nilimwangalia dada aliyekuwa karibu nami, naye akaniangalia. Hatukusema kitu. Hapo palikuwa na watu wazima, wenye elimu ya sheria na mamlaka ya dola, na wasingeweza kusogea hatua moja bila kuwa na uhakika kwamba mtu asiyekuwepo amepewa nafasi ya kuwepo. Sisi tulikuwa na namba ya simu ya mwenzetu.

Kesi ya pili ilihusu ardhi, kama zilivyo kesi nyingi za nchi hii yenye watu wengi na mashamba madogo. Wakili wa kwanza alizungumza vizuri sana. Alipoketi, mimi moyoni nilikuwa nimeshatoa hukumu, na baadaye wenzangu walikiri kwamba nao walikuwa wameshatoa. Akasimama wakili wa pili. Hakuwa na ufasaha. Alirudia maneno, alitafuta karatasi zake. Lakini karatasi aliyoipata ilikuwa na tarehe, na tarehe ile ilibadilisha kila kitu tulichofikiri. Kisha wa kwanza akajibu, tukayumba tena. Majaji hawakutoa uamuzi siku ile. Walisema watakwenda kushauriana, na hukumu itasomwa siku nyingine. Hadi leo sijui nani alishinda.

MSINGI WAKE KATIKA DINI

Baada ya ziara tulirudi kwenye halaqa na kufungua Qur'ani, Surat Saad, aya ya 21 hadi 26. Kisa kinajulikana. Watu wawili walipanda ukuta wakaingia mahali alipokuwa Nabii Daudi (a.s.) akiabudu, naye akashtuka. Wakamwambia asiogope, wao ni wagomvi wawili. Mmoja akaeleza kwamba ndugu yake ana kondoo jike tisini na tisa, naye anaye mmoja tu, na ndugu yule anamtaka hata huyo mmoja na amemshinda kwa maneno. Daudi (a.s.) akasema kwamba amemdhulumu. Kisha akatambua kwamba Mola wake amemjaribu, akaomba msamaha na kusujudu. Aya ya 26 inamwamrisha ahukumu baina ya watu kwa haki na asifuate matamanio.

Miongoni mwa waliyoyasema wafasiri kuhusu mtihani huo ni kwamba neno lilitoka baada ya kusikiwa upande mmoja tu. Tazama jinsi kesi yenyewe ilivyokuwa rahisi machoni: tisini na tisa kwa mmoja. Nani asingemhurumia mwenye kondoo mmoja? Nasi tuliona ukurasa mmoja wa daftari, tukaona khiyana iko wazi kama mchana.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimfundisha kwamba wakikaa mbele yake wagomvi wawili, asihukumu mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Na katika Bukhari na Muslim, Umm Salama (r.a.) anapokea kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa yeye ni binadamu, watu humletea mashauri, na huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenzake, basi atakayepewa haki ya ndugu yake kwa ufasaha huo, ajue amepewa kipande cha moto. Wakili wetu wa kwanza na wa pili wamo ndani ya hadithi hiyo. Kwa hiyo msikilizaji asipime haki kwa uzuri wa ulimi. Vilevile, katika Bukhari na Muslim kadhi amekatazwa kuhukumu akiwa na hasira. Sasa jiulize, lile kundi letu saa saba za usiku lilikuwa na nini zaidi ya hasira?

Huenda mtu akauliza: Mwislamu ana faida gani kukaa katika mahakama isiyo ya kadhi? Ajibiwe kwa historia ya Afrika yetu hii. Mwaka wa tano wa utume, karibu mwaka 615, Masahaba walihamia Habasha kwa Najashi, ambaye wakati huo alikuwa mfalme Mkristo. Makureshi waliwafuata kwa wajumbe wawili, mmoja wao Amr bin al-As kabla hajasilimu, wakiwa na zawadi kwa mfalme na kwa viongozi wake wa dini. Viongozi wale walishapokea zawadi zao, wakamshauri mfalme awatoe Waislamu bila kuwasikiliza. Najashi alikataa. Alisema hatawakabidhi mpaka awaite na kuwauliza. Ndipo Ja'far bin Abi Talib (r.a.) akasimama na kueleza, kisha akasoma sehemu ya Surat Maryam. Siku ya pili wajumbe walirudi na shtaka jipya kuhusu Nabii Isa (a.s.), na Najashi akawaita tena, akawasikiliza tena. Mwishowe zawadi zilirudishwa kwa wenyewe.

Masahaba wale walisalimika, kwa rehema ya Allah, kwa sababu mtawala mmoja wa Afrika alikataa kuhukumu kabla ya kusikia upande wa pili. Sisi tunaosimulia kisa hicho kila mwaka ndio tuliomnyima mwenzetu haki hiyo hiyo.

KESI YA HIJABU YA ISIOLO

Mfano wa karibu zaidi ni wa jirani zetu wa Kenya, na unamhusu kila mwanafunzi Mwislamu.

Katika shule ya sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, kaunti ya Isiolo, kulizuka mvutano mwaka 2014 kuhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa la Methodisti, mfadhili wa shule, lilikwenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwa upande wa kanisa. Mzazi mmoja Mwislamu akakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaruhusu hijabu. Kesi ikapanda tena hadi Mahakama ya Juu ya Kenya, iliyotoa hukumu tarehe 24 Januari 2019 na kuuondoa uamuzi wa Mahakama ya Rufaa.

Habari zilizozagaa siku ile zilikuwa fupi: Mahakama ya Juu imeziruhusu shule kupiga marufuku hijabu. Watu wengi waliishia hapo, na hasira ikaanzia hapo. Lakini anayesoma hukumu anakuta maelezo mengine. Majaji walio wengi walisema kwamba mzazi yule hakuwa ndiye aliyefungua kesi, wala hakuwa ameshtakiwa. Aliingia kama mtu mwenye maslahi katika kesi ya wengine, kisha akaleta dai lake mwenyewe humo humo. Kwao, dai la hijabu halikupita mlango unaotakiwa. Walisema suala hili ni zito kwa taifa, na anayetaka liamuliwe alifungue upya Mahakama Kuu kwa utaratibu wake. Jaji mmoja hakukubaliana na wenzake, naye pia aliandika sababu zake.

Matokeo yalikuwa machungu kwa wasichana wale, na hakuna haja ya kuyapaka sukari. Ruhusa waliyokuwa nayo iliondoka. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya "hijabu imehukumiwa" na "dai limeletwa kwa mlango usio wake". La kwanza linafunga mjadala. La pili linakwambia ufanye nini kesho: tafuta wakili, fungua kesi yako mwenyewe, anzia ngazi ya chini. Aliyeishia kwenye kichwa cha habari alibaki na hasira tu, wala hakujua kwamba njia bado ipo.

ADABU ZA ZIARA

Kwa wale watakaotaka kwenda, haya yatawasaidia:

1. Nia. Usiende kucheka walioshindwa wala kukusanya habari za aibu za watu. Uliyoyasikia kuhusu maisha ya watu ni amana.

2. Uliza mapema. Nenda kwa karani siku kabla, uliza vikao ni siku gani na orodha ya kesi inabandikwa wapi. Kundi likiwa kubwa, omba ruhusa kwa barua ya jumuiya.

3. Beba kitambulisho, vaa kwa heshima, fika mapema. Mlango wa nyuma ukifunguka kila dakika unawasumbua wanaosema.

4. Zima simu kabisa. Usipige picha wala kurekodi bila ruhusa. Kwa maandishi, daftari dogo linatosha.

5. Simama majaji wanapoingia na wanapotoka. Usitikise kichwa, usigune, usimpongeze wakili.

6. Jiandae kwa lugha. Utasikia Kirundi na Kifaransa cha sheria. Jirani zetu wa Tanzania walitunga sheria mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini kwetu anayesoma sheria akae karibu na wasiosoma awafafanulie baadaye, si wakati wa kikao.

7. Panga na swala. Kikao kinaweza kupita Adhuhuri. Toka kwa utulivu kati ya kesi na kesi.

8. Andika mambo mawili kwa kila kesi: upande wa kwanza ulisema nini, na upande wa pili ulisema nini. Ukishindwa kuandika la pili, hukusikiliza.

Asiyeweza kufika anaweza kujifunza kwa mbali. Vikao vya Mahakama ya Juu ya Kenya kuhusu uchaguzi wa rais wa 2013, 2017 na 2022 vilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilifuta matokeo ya uchaguzi, majaji wanne wakikubali na wawili wakikataa. Tafuta rekodi hizo, uwasikilize mawakili wa pande zote mbili, na usichague yule unayempenda tu.

TULIPORUDI

Juma lililofuata tulimtembelea mweka hazina nyumbani kwao. Safari hii hatukumwomba radhi kwa haraka. Tulikaa, tukamwomba atueleze usiku ule ulikuwaje kwake. Alisema alikuwa macho. Alikuwa anasoma kila ujumbe ulivyoingia, anaandika jibu, na kabla hajamaliza kuandika akakuta ametolewa. Mama yake alimwuliza kwa nini hali daku, akakosa la kumwambia.

Tumekubaliana mambo matatu katika jumuiya. Tuhuma dhidi ya mtu haiandikwi kundini. Inapelekwa kwa viongozi wawili. Mwenye kutuhumiwa anaitwa kabla ya neno lolote kutoka. Na uamuzi ukitolewa, unatolewa pamoja na sababu zake, naye ana haki ya kuupeleka kwa walezi wetu wakuu auangaliwe upya. Ni mahakama ndogo sana, lakini ndiyo tuliyokabidhiwa.

Mweka hazina amekubali kuendelea na kazi yake hadi mwisho wa mwaka. Safu ya mbele bado hajarudi, nasi hatumharakishi.

MASWALI YA HALAQA

1. Soma Surat Saad 21 hadi 26. Kwa nini kesi inayoonekana rahisi ndiyo yenye hatari zaidi kwa anayehukumu?
2. Najashi aliwaita Waislamu mara mbili. Mara ya pili inatufundisha nini?
3. Taja hukumu moja uliyoitoa mwezi huu juu ya mtu bila kumsikia. Utaanzia wapi kuirekebisha?

Allah atujaalie kuwa wenye kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, kama alivyotuamrisha katika Surat An-Nisaa aya ya 135, na awasamehe wote tuliowahukumu na sisi tuliohukumu. Aamiin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.